Kiatu Chako cha Kushoto Hakiniangushi

Shirin, shoga yangu,

Tangu uzikwe, watu wa mtaa wetu wa Chuno wamekupa kazi mpya. Wanasema wewe ndiye unayeniangusha.

Arobaini yako ilipokwisha, mama yako alikuja kwetu na kiatu chako cha magurudumu, kile cha kushoto, pamoja na ufunguo wake wa kukazia. Akasema, "Cha kulia unacho. Sasa vyote ni vyako." Hakungoja hata chai. Jioni ileile nikaenda kwenye ghala la ushirika, baba akanifungulia, maana mlinzi ni yeye na msimu wa korosho ulikuwa bado. Sakafu yote ya saruji, tupu. Nikavaa vyote viwili, nikasimama, nikaanguka hapohapo, upande wa kushoto.

Kesho yake, kushoto. Keshokutwa, kushoto. Shangazi Somoe aliponiona nachechemea akashika kiuno. "Kiatu cha maiti hicho, mwanangu. Mwenyewe anakuvuta. Kirudishe kwao, au nitakitupa baharini kwa mkono wangu."

Niliumia, Shirin, na si nyonga tu. Wewe univute? Wewe? Hawajui tulivyojifunza. Mjomba wako alileta jozi moja kutoka Dar es Salaam, nawe ukakataa habari za zamu. "Zamu ni kukaa kumtazama mwenzio akifurahi," ulisema. Basi ukavaa cha kushoto, nikavaa cha kulia, tukashikana mikono. Miguu ya katikati ilisukuma kwa ndala, ya pembeni ikateleza, na sisi tukipiga kelele mpaka baba akaja kuchungulia. Mguu wangu wa kushoto haukujifunza kitu. Kushoto kwangu siku zote ulikuwepo wewe.

Kilichoniangusha ni ujinga wa mguu, si mzimu wa mtu! Nikamwambia Shangazi anipe muda mpaka magunia ya kwanza yaingie; nikishindwa, akitupe. Alikubali upesi, kwa sababu alijua nitashindwa.

Nikaanza kuufundisha mguu huo. Nilitandika gunia tupu ili magurudumu yasikimbie, nikasimama kwa mguu wa kushoto peke yake, mkono mmoja kwenye mizani ya korosho. Visigino pamoja, vidole nje kama bata. Magoti yalegee. Macho mbele, maana ukiitazama miguu, unaifuata chini. Siku nyingine nikaondoa gunia. Halafu nikaachia mizani. Nilianguka, nikakugombeza kwa kufa kwako, nikalia, nikakaza kiatu kwa ufunguo, nikasimama tena.

Jana malori yakaja. Shangazi naye akaja, amejifunga kanga kiunoni, akasimama mlangoni tayari kukichukua kiatu. Wachukuzi walikuwa na magunia mabegani, nikawaomba wanisubiri kidogo. Nikatoka kwenye mizani. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, mpaka mlangoni. Nikasimama mbele yake bila kushika kitu. "Haya Shangazi, nani amenivuta?"

Alikitazama kiatu, akanitazama mimi. Akasema taratibu, "Na mkono huo, mwanangu?"

Nikautazama. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umenyooka pembeni, vidole wazi, kama nilivyokuwa nikikushika. Nilivuka ghala zima hivyo na sikujua. Shangazi akafungua kanga kiunoni, akajifuta macho, akaondoka bila kiatu.

Ghala sasa limejaa. Likiwa tupu tena, nitamfundisha mdogo wako Nasrin, kwa viatu vyote viwili, ili miguu yake yote ipate akili. Hilo nakuahidi. Kwaheri, shoga yangu, Mungu akulaze pema. Mimi siurudishi huu mkono. Na wakithubutu tena kusema unaniangusha, nitapita barabara ya lami mbele ya milango yao, nimeunyoosha vilevile. Wakiuliza namshika nani, nitawatajia jina lako.

Wako,
Asumini