Kompyuta Iliyofungwa Zizini kwa Philipo Msengi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Shelui, Alhamisi tarehe 19 Novemba 1998, alasiri

Jina: Anastasia Kitundu
Umri: Miaka 46
Kazi: Mchapaji, kituo cha mafunzo
Makazi: Shelui, nyuma ya soko

Nimeonywa niseme kweli na nitaisema. Ila namwomba afande asinikatize, maana kila nikifika kwenye mashine anacheka.

Nimechapa kwa taipureta tangu usichana wangu. Mwaka huu wafadhili walituletea kompyuta moja, na mwalimu Gasto Kiula, kijana aliyesomea mambo hayo Dar es Salaam, akaiandikia programu ya kupanga matokeo ya mtihani wa watoto. Kumi wa juu watalipiwa sekondari. Wengine ndiyo basi, warudi kwenye mtama.

Mnamo Jumanne tarehe 17, Gasto aliingiza alama kutwa nzima mpaka macho yakawa mekundu. Kwa watoto ambao hawakuja aliandika HAKUFIKA. Alipoiamuru mashine ipange, hao wasiofika wakakaa juu kabisa! Tulicheka sana. Tukawafuta, tukachapa majina kumi yaliyofuata, majina matupu bila alama, na mkuu wa kituo chetu, bwana Urbano Makala, akayabandika mlangoni.

Jumatano asubuhi alikuja Philipo Msengi, mkulima na mfugaji, na mkokoteni wake wa ng'ombe. Gasto alimwamkia, "Shikamoo mzee." Aliitikia vizuri tu. Kisha akasema mwalimu wa binti yake Eliana amemhakikishia mtoto kapata yote, asilimia mia, sasa mbona jina halipo. Gasto akamjibu, "Mzee, mashine haikosei."

Philipo akauliza, "Kwa hiyo ni hiyo ndiyo iliyomla mwanangu?"

Hakutukana, hakumgusa mtu. Aliifunga kompyuta kwa kamba yake ya katani, kioo na boksi lake, akaipakia. Alisema atakayeitaka aende kwake waelewane. Afande, wewe ni mgeni, umetoka pwani. Huku ng'ombe wako akiingia shamba langu, namfunga zizini kwangu, namnywesha maji, nakungoja uje tuyamalize. Huo si wizi. Mwizi hakuelekezi kwake. Lakini bwana Urbano alikasirika, akaja kufungua kesi.

Leo asubuhi mimi na Gasto tulibeba jenereta la kituo hadi kwa Philipo, kumwomba radhi na kumwonyesha kwamba mtoto hakushinda. Tuliikuta mashine katikati ya ndama, imefungwa kwenye nguzo, na mbele yake, Mungu anisamehe nimecheka, bakuli la maji. Eliana alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba, anakwaruza ukuta kwa kucha.

Gasto aliwasha, akafungua matokeo yote, safari hii pamoja na alama. Akainamia kioo. Nilisogea. Eliana alikuwa chini kule, kati ya mtoto mwenye kumi na mbili na mwenye kumi. Mbele ya jina lake imeandikwa 100. Na mtoto mwingine, Simoni, aliyepata tisa, tisa kavu, alikuwa juu ya mwenye themanini na tisa. Huyo Simoni yumo kwenye kumi bora!

Gasto alishika kichwa. "Mama, nimemuua mtoto wa watu." Akanieleza. Ili mashine ikubali lile neno HAKUFIKA, aliiambia kila alama ni maandishi. Basi ikaacha kuziona kuwa namba. Ikazipanga kama ninavyopanga mafaili ya majina: inaanza kwa kutazama herufi ya kwanza tu. Moja iko nyuma ya tisa, kwa hiyo 100 inakaa nyuma ya 9, hata iwe ndefu namna gani. Na herufi inazihesabu juu ya tarakimu zote, ndiyo maana wasiofika walikaa kileleni. "Ilikuwa inatuambia tangu juzi," alisema, "sisi tunacheka."

Akaongeza neno moja dogo, VAL. Alisema hilo linaigeuza alama kutoka maandishi kuwa namba. Hakugusa alama hata moja. Akabonyeza.

Afande, cheka ukitaka. Majina yale yote yaliinuka na kushuka, na Eliana Philipo akatoka kule chini akakaa wa kwanza. Mia ile ile! Ilikuwepo tangu Jumanne na hakuna aliyeijua thamani yake. Nilijikuta nimepiga magoti kwenye samadi. Philipo aliuliza, "Amefika?" Nikamwambia, "Baba Eliana, amefika." Akaanza kuifungua kamba.

Hapo ndipo gari lenu lilipoingia. Mmemweka ndani mtu aliyekuwa anafungua.

Sasa sikilizeni. Majina yanaondoka na basi la kesho alfajiri kwenda kwa wafadhili. Bwana Urbano amekataa kubadilisha chochote mpaka aone kwa macho yake, na mashine mmeifungia hapo nyuma ya kaunta, mnasema ni kielelezo. Jenereta liko nje, Gasto yuko nje. Naomba iwashwe humu humu ndani, mbele ya bwana Urbano. Sina ombi lingine.

Nimesomewa niliyoyasema, na ni maneno yangu mwenyewe.

Sahihi: A. Kitundu

Maandishi ya askari: Mimi Koplo Deo nimeyaandika maelezo haya. Kwa ombi la shahidi, kielelezo kiliwashwa kaunta mbele ya mlalamikaji na mtuhumiwa. Niliomba neno VAL liondolewe na kurudishwa, mara tatu. Mara zote tatu nimeshuhudia kwa macho yangu jina la mtoto likishuka na kupanda. Sikucheka. Mlalamikaji ameondoa malalamiko na kuandika orodha upya. Kompyuta amekabidhiwa yeye. Kamba ya katani amekabidhiwa Philipo Msengi, ambaye ameomba kompyuta iwashwe mara moja zaidi, na imewashwa.