Aliyeomba Sindano ya Cliff

Mtaa wa Foundry, Na. 14,
Ravensclough, Lancashire.
9 Machi, 1991.

Mpendwa kaka Norman,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Perth, wewe na shemeji Beryl, na joto limepungua. Huku tunapumua. Kikohozi changu kimeisha, ila mvua haijatuacha tangu Jumapili iliyopita.

Mzee Stanley Hesketh, kocha wa zamani wa Ravensclough Town, amefariki. Tumemzika juzi Alhamisi. Unajua nilivyomchukia. Tangu mwaka 1961 sikuwahi kumsalimia, wala mkewe. Sokoni nilikuwa nampa mgongo mbele za watu, na kila aliyeniuliza nilimwambia: huyo ndiye aliyemdunga mdogo wangu sindano ya ganzi ili acheze robo fainali na goti lililovimba kama boga.

Cliff alikuwa na miaka ishirini na miwili. Beki wa kati, mechi arobaini na moja tu, na tayari timu kubwa zilikuwa zikituma watu kumtazama. Siku ile tulishinda, akabebwa mabegani. Kufika Pasaka goti likawa halikunjiki. Akapasuliwa mara mbili, na mpira ukaishia hapo. Miaka ishirini na saba amekaa kwenye kiti stoo ya kiwanda cha ndara, akihesabu jozi.

Basi, marehemu aliacha neno kwamba Cliff awe mmoja wa wabeba jeneza. Nilipandwa na hasira.

“Utabeba nini wewe?” nikamwambia. “Ngazi za nyumbani kwako tu unashuka kwa makalio!”

“Acha, Hilda. Nitabeba.”

Akabeba. Alipiga hatua kama kumi na mbili kutoka kwenye gari, goti likamsaliti mlangoni mwa kanisa. Jeneza likainama, watu wakaguna, wenzake wakalidaka. Cliff akabaki ameegemea ukuta, uso mweupe kama chokaa.

Kwenye chai ya msibani sikuweza kujizuia. Nikasema, na sikusema kwa kunong’ona: “Hata ndani ya sanduku, mzee huyu bado anakumaliza goti!”

Cliff akapiga meza mpaka vikombe vikaruka. Sijawahi kumwona hivyo, Norman. “Funga mdomo, Hilda! Hesketh alikuwa amenifuta kwenye orodha. Ijumaa ile kabla ya mechi, Baba ndiye aliyekwenda kwake. Baba na Norman.”

Akanieleza yote, pale pale. Kwamba Baba alikuwa ametamba mgodini kote kuwa mwanawe atacheza, na asingevumilia kuchekwa. Kwamba Hesketh alikataa mara mbili. Na kwamba wewe, uliyekuwa umesimama nyuma ya Baba, ndiye uliyesema: “Si mumdunge tu? Wachezaji wote wanadungwa.” Asubuhi yake kocha akamwita Cliff na kumuuliza anasemaje, naye akasema atacheza, kwa sababu hakuwa na uso wa kurudi nyumbani kwa Baba. Baadaye Cliff alimwomba Hesketh anifiche jambo hilo, maana nilimpenda Baba kupita kiasi. Mzee akaahidi, na akafa na ahadi yake.

Nilimwogesha Baba kwa mikono yangu kwa miezi minane mfululizo kabla hajafa. Kila jioni nilimlaani Hesketh mbele yake, naye akitazama dirishani tu. Sasa sijui nilikuwa namwogesha nani.

Lakini Baba hayupo. Wewe upo. Mwaka uliofuata mechi ile ulipanda meli ukaenda zako, na kila Krismasi unaniandikia kuuliza goti la Cliff linaendeleaje. Unaniuliza mimi! Linaendelea vile mlivyoliacha.

Jana nilikwenda kwa Bi. Marjorie, mjane wa Hesketh, kuomba radhi. Hakunikaribisha ndani. Alinisikiliza mlangoni mpaka nikamaliza, mvua ikininyeshea, kisha akasema:

“Miaka thelathini, Hilda. Alikuwa akikuona kwa mbali anavuka barabara, ili usipate tabu ya kumpa mgongo.”

Akafunga mlango, taratibu kabisa.

Usinijibu mimi, Norman. Mwandikie Cliff. Anaishi mtaa ule ule, na macho yake bado yanasoma. Ukishindwa kuandika, basi usitume tena kadi nyumbani kwangu.

Nisalimie Beryl, na Gillian na Trevor, ambao hawana kosa. Shangazi Winifred anawasalimu pia, bado sijamwambia.

Mungu awalinde huko mliko, nawe akupe usingizi pale tu utakapokuwa umeandika.

Dada yako, ambaye angetamani asikupende,

Hilda