Mlango Niliokulindia, Salome

Mpwa wangu Salome,

Mgori nzima hakuna mtu mkubwa kunizidi mimi mjomba wako, na huko uliko nadhani wameshaambiwa. Mkuu wa wilaya akipita hapa huuliza kwanza kama nimeamka. Fisi wa msituni hunipisha njia. Ndiyo maana uliporudi kutoka hospitali na figo ya mama yako tumboni, nilisema: mlango huu naulinda mimi.

Daktari alitueleza kwamba dawa zako zinashusha kinga ya mwili ili isiikatae figo ngeni, kwa hiyo hata mafua ya mtoto yangeweza kukuua. Nikaketi mlangoni na ndoo ya maji, sabuni, na barakoa usoni kama jambazi. Kila mtu ananawa. Mwenye kikohozi anarudi kwao. Maziwa mabichi waliyokuletea nilimwagia mbwa.

Unakumbuka shangazi yako alivyokuja na jogoo kukupa pole?

"We shemeji, upolisi umeajiriwa lini?"

Nikamjibu jogoo hajanawa. Kule ndani ukacheka mpaka ukashika mshono: "Mjomba, mwoshe miguu basi, aingie!" Na mchungaji alipotaka kukuwekea mikono, nikamwambia aombee uwanjani, Mungu hapiti mlangoni.

Hakupita mtu, Salome. Naapa.

Ukaanza kukonda. Jasho likalowesha shuka. Ukaniambia, "Mjomba, nahisi kuna kitu kimekupita." Nikagombana na kijiji kizima nikimtafuta aliyekileta. Hospitali wakasema ni kifua kikuu, wala hakikuja na mgeni. Kilikuwa kimelala mapafuni mwako tangu utotoni, pengine tangu ulipokuwa ukilala na bibi yako, yule aliyekuwa akikohoa. Kinga iliposhuka, kikaamka. Mimi nakodolea macho njia, adui yuko kitandani nawe. Dawa ulianzishiwa, lakini mwili ulikuwa umeshachoka.

Mama yako siku hizi hutembea ameshika ubavu wenye kovu. Mimi nawasimulia watu jinsi nilivyowakaba vijidudu koo kwa mikono hii, na hata walevi hawacheki tena.

Pumzika, mwanangu. Neno hili nakuambia wewe tu: juzi mama yako alinituma jembe lililobaki chumbani kwako. Nilinawa kwa sabuni, nikavaa barakoa, nikapiga hodi. Kisha nikasimama pale kama mjinga, nasubiri uitikie.

Ni mimi mjomba wako,
wa mlangoni.