Kipande cha Malakisi Kisigeuzwe Matofali

Milimani,
Kitale.
13 Julai 2025

Mpendwa ndugu yangu Wakoli,

Joto la Doha linakutendeaje? Unakula vizuri, ama bado unaishi kwa chai na mkate? Sisi huku tuko wazima. Goti la Mama limepata nafuu, na Jumapili aliimba kanisani kuwashinda vijana.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ukisikia neno shamba unaanza ati mtandao ni mbaya. Barua hii Hillary, anayesafiri kuja huko Doha, atakupa mkononi, na nimemwambia asiondoke kabla hujaimaliza.

Ni juu ya kile kipande chako cha Malakisi ulichomwahidi Kagwe, yule mfyatuaji matofali, achimbe udongo wake. Ulisema tumbaku ya Baba iliumaliza udongo, hata magugu hayashibi. Ni kweli kabisa. Ndiyo maana nilimwomba Mama tujaribu hapo hapo mbegu za mahindi za kituo chetu cha utafiti, bila mbolea hata kijiko.

Wakoli, ungeona! Mahindi ya kawaida tuliyopanda kando yamegeuka manjano, yamenyong'onyea. Haya yetu bado ni kijani. Tulichimba mashina machache tukaosha mizizi. Ile ya kawaida imetanda juu juu tu, mingi kama ndevu. Ya mbegu mpya ni michache, lakini inashuka wima kuifuata nitrojeni, kile chakula cha mimea ambacho mvua imekisukuma chini. Na si bahati bana, tabia hiyo imo kwenye jeni. Tulichagua wazazi wenye mizizi ya kushuka, tukawazalisha kizazi baada ya kizazi, na watoto wakarithi. Nililia pale shambani, na usinicheke.

Sikudanganyi. Hayatajaza ghala kama yaliyowekwa mbolea, na udongo bado unataka samadi na maharagwe. Lakini yanazaa! Chakula cha mahindi haya kiko kwenye ule udongo wa chini ambao Kagwe anautaka. Akishauchimba, hakuna mbegu itakayotusaidia hapo.

Juzi alikuja na watu wake kupima. Si unamjua Mama, mgeni hapimi kitu na njaa. Akawapakulia mahindi ya kuchemsha. Kagwe akala, akaongezwa, akauliza kama yametoka Kitale. Mama akamwonyesha kwa kidole pale pale alipotaka kuchimba. Akakunja kamba yake ya kupimia, akasema atangoja neno lako mpaka mwisho wa mwezi. Basi mpigie yeye kwanza, mimi baadaye.

Phelista na watoto wanakusalimu sana, na Shangazi Sellah anauliza lini utaoa. Mungu aliyekufikisha huko akulinde kazini, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Mama hajasema umkatalie Kagwe, maana kipande ni chako. Amesema tu nikuulize: siku ukirudi nyumbani, utakula matofali?

Dada yako akupendaye hata ukiwa mkaidi,
Nangila