Ngoma Kubwa Haikuvuka Mto

Baba,

Juzi tumemaliza matanga yako. Watu wamekula, wamerudi kwao, viti vya kukodi vimeenda, na mimi nimebaki na mutoto na kimya. Hii nyumba haijazoea kimya.

Mume wangu iko Kampene kwenye machimbo mpaka leo. Alituma pole kwa mutu, yeye mwenyewe hakukuja. Basi nilikaa peke yangu mbele ya wandugu zako.

Bateri yako, zile ngoma zako zote, tuliifunika kitenge tangu siku ile, sababu nyumba yenye kilio haipigwi muziki. Kumbe mjukuu wako alizoea kulala ukimukanyagia ngoma kubwa polepole, na muguu tu. Alikuwa analia akiangalia kile kitenge. Nilimupiga-piga mugongoni na kiganja, akakataa. Mukono wangu si muguu wako.

Matanga yalipoisha, Baba mudogo akavuka mto kutoka Alunguli kuja kubeba bateri yote, aipeleke kanisani kwake. Yeye! Maisha yote alikuambia roki ni muziki ya wazimu, upige rumba kama watu. Nawe ulikuwa unamujibu, "Mudogo wangu, wazimu huu unafuata mupigo kuliko wewe ukiimba." Ulipiga rumba kwenye ndoa za watu, ndiyo, ulitulisha nayo. Lakini mwisho wa sherehe lazima uwape roki moja, wazee wakae chini, vijana waharibu viatu. Hata mupiga gitaa wako alipohamia Kisangani na kundi likafa, hukuacha.

Desturi inamupa vitu vya kaka yake, najua. Nilimuachia masahani ya shaba yanayolia, ngoma ndogo, kiti, hata vijiti vyako. Alipoinamia ngoma kubwa nikasimama mbele yake.

"Hii hapana, Baba mudogo."

Akaniuliza mwanamuke atafanya nini nayo.

Nikamukumbusha vita. Mimi sikumbuki, lakini ulinieleza mpaka naona kama nakumbuka. Siku watu walikimbia kutoka hapa Kindu, wengine na magodoro, wengine na kuku. Wewe ukatoa ngozi ya mbele ya ngoma kubwa, ukatandika kitenge cha mama mule, ukanilaza, ukafunga yote nyuma ya baiskeli na kushika njia ya Kalima. Majirani walikucheka hata katika ile hofu: dunia inaungua, huyu anakimbiza ngoma. "Si ngoma," ukawaambia, "ni kitanda."

Mama hakurudi kutoka porini. Tulirudi wewe, ngoma na mimi. Ile ngozi ya mbele hukuirudisha tena.

"Mule ndani ni mimi," nikamuambia Baba mudogo. "Ukiibeba, unibebe na mimi."

Akainuka. Akasema, basi, kaa nayo. Lakini pedali ya kukanyagia aliibeba. Sikugombana. Nilikuwa nimechoka, Baba.

Jana mchana mvua ikanyesha, na ngozi ya mbuzi iliyobaki, ile ya nyuma, ikalegea. Nikaisogeza karibu na mbabula, lile jiko la makaa, kama ulivyofanya kila mara kabla ya kupiga, mpaka ikakaza. Nikaipiga na ngumi, polepole. Mutoto akanyamaza. Akatambaa, akaingia kwa upande ulio wazi, akajikunja. Akalala, Baba. Pale pale.

Sikuacha kupiga. Mutoto amelala, mume hayupo, nje mvua. Unajua nilikuwa nampigia nani.

Sasa pumzika. Ngoma hii haitavuka mto mimi nikiwa hai. Kila mvua nitaiotesha moto. Na huyu akikua, akitaka kuipiga kwa nguvu zake zote, sitamukataza. Majirani watavumilia kama walivyokuvumilia wewe.

Mimi,
mutoto wako wa ndani ya ngoma