Kuoshwa kwa Kitatange

Kisarawe, Jumatano, 1 Agosti 1934

Asubuhi nimechota na kumimina mpaka bega likauma. Maji ya bahari yakitulia ndani ya sanduku la kioo, samaki hukosa pumzi. Lazima yachotwe kwa kata na kuangushwa kutoka juu, asubuhi na jioni. Bega hili ni la mzee sasa.

Samaki wangu ni wawili, kangaja na kitatange. Kangaja hakula. Kitatange alikula uduvi kidogo, kisha akaenda kujisugua ubavu kwenye jiwe. Akarudia. Sikupenda.

Ijumaa, 3 Agosti

Bado wanajisugua. Jicho la kushoto la kitatange limeingia utando. Nimetazama kwa miwani, kisha kwa lenzi ya kusomea. Hakuna doa, hakuna kidonda, hakuna mdudu. Ngozi safi, samaki mgonjwa.

Nimefungua kitabu cha Kijerumani nilichokipata mnadani pamoja na sanduku lenyewe, mali za Wajerumani zilipouzwa baada ya vita. Kijerumani changu cha shule kimeingia kutu, lakini nasoma. Kitabu kinataja maradhi mengi ya samaki wa maji baridi. Samaki wa bahari kimewapa ukurasa mmoja tu, na ukurasa huo unasema ni wagumu kufuga. Nilicheka peke yangu.

Jumamosi, 4 Agosti

Lori limeleta damajani mbili, chupa kubwa kubwa, za maji ya bahari kutoka Dar es Salaam. Dereva hachoki kuniuliza: "Mzee, huko pwani maji haya yamejaa tele. Si uhame wewe, yakae yenyewe?"

Nilitoka Chole, huko Mafia, nikiwa kijana, nikaletwa bara na kazi ya ukarani. Serikali ya Wajerumani iliyonileta ikaondoka, mimi nikabaki. Nikaoa hapa, nikazaa hapa. Kule ninaowajua wote wamo makaburini. Chini ya ngazi za gati tulipokuwa tukioga, kitatange walikuwa wakipita katikati ya miguu yetu, njano na buluu. Huyu wangu hakuvuliwa kule. Haidhuru. Nikimtazama naiona ngazi ile, na kijani kibichi cha vidato vyake vya chini.

Wakifa hawa wawili sitaleta wengine. Nimekwisha amua. Sina bega wala umri.

Jumapili, 5 Agosti

Mbaya zaidi. Wanahema mbio, mapezi wameyakunja. Nimewahi kusoma kwamba shaba huua vijidudu majini. Nimetia kipande cha waya wa shaba.

Mke wangu Sikudhani alisimama mlangoni akanitazama. "Baba Zuhura, unawatibu au unawapika?"

Jumatatu, 6 Agosti

Kangaja amekufa. Nilimkuta asubuhi amelala ubavu juu ya mchanga. Sijui ni ugonjwa au ni shaba yangu. Nimetoa waya. Nimemzika nyuma ya nyumba, chini ya mpapai. Nina hasira.

Jumanne, 7 Agosti

Kitatange hakula. Utando umeingia na jicho la pili. Anagonga kioo kwa sababu hakioni. Sikudhani alileta chai, akaketi nami mpaka ikapoa.

Jumatano, 8 Agosti

Siku mbaya sana.

Nilimhamishia kitatange ndani ya karai la maji ya bahari, uani, ili nisugue sanduku. Mara nikasikia kilio barabarani. Maganga. Mnyamwezi huyu, mchoma mkaa, ni mtani wa Sikudhani na wa Wazaramo wote wa hapa. Amesikia sokoni kwamba nimezika samaki. Akaingia uani kajipaka majivu usoni, akajitupa chini.

"Uwiii! Amekufa kangaja! Nani atatulipia ada zetu watani? Wazaramo mmemla mkasema mmemzika!"

"Mpagazi wewe," Sikudhani akamjibu, tayari anacheka, "rudi kwenu ukabebe mizigo!"

"Sirudi mpaka nioshe maiti. Yuko wapi? Huyu hapa! Karani, mbona ndugu wa marehemu mmemtia kwenye chumvi? Maiti haoshwi kwa maji ya chumvi. Huku si Mafia, bwana."

Akamwaga maji ya karai, akajaza maji ya kisima kutoka mtungini. Mikono yangu ilikuwa ndani ya sanduku mpaka mabegani, sikuwahi kumzuia. Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. Kitatange akajilaza ubavu. Nikakimbilia damajani, kizibo kimekwama. Nikavuta kwa meno. Maganga akaacha utani. Alisimama na majivu yake usoni, akisema, "Sikujua, mzee. Wallahi sikujua." Kizibo kilipotoka nilimimina maji ya bahari kwenye ndoo, nikamhamisha. Akabaki chini, anahema.

Nimemfukuza Maganga. Nimetumia maneno mabaya.

Karai bado liko uani, sijalimwaga. Samaki hajafa, lakini sitegemei kesho.

Alhamisi, 9 Agosti

Yu hai. Anaogelea wima.

Nilikwenda kumwaga karai. Ndani yake, kwenye bati jeusi la chini, palikuwa na chenga nyeupe kama za mchele. Nani ametia mchele? Nikachukua lenzi. Si mchele. Ni wadudu. Bapa, na nyuma wana kitu cha duara cha kung'ang'ania, kama ruba.

Walikuwa juu ya samaki wangu wakati wote. Wakiwa hai ni wangavu kama kioo chenyewe, ndiyo maana lenzi haikuwaona. Ni wa bahari, maji matamu hawayawezi. Yamewageuza weupe na kuwaangusha. Samaki ameyavumilia kwa muda ule mfupi, wao hawakuyavumilia.

Jioni alikula uduvi mmoja. Nimeketi chini uani, mtu mzima, nikalia.

Ijumaa, 10 Agosti

Amekula vizuri. Utando wa jicho la kulia unapungua.

Nafikiri sawasawa sasa. Ikiwa ni wadudu, watakuwa na mayai, na mayai hayatakuwa juu ya samaki. Yatakuwa kwenye mchanga na mawe. Nimemwaga maji yote. Mawe nimeyachemsha, mchanga nimeutupa, sanduku nimelianika juani. Kitatange anakaa ndooni mpaka lori lije kesho. Itabidi aoshwe tena, kwa wale watakaokuwa wameanguliwa.

Nimeliwaza jingine pia. Alipofariki mama mkwe, Maganga alimpaka majivu kila mtu msibani. Aliiba sufuria ya ubwabwa. Alilala kaburini akasema hatoki. Aliponifikia mimi aliinama, akasema, "Shikamoo, mzee, poleni," akapita. Nilijua maana yake. Mgeni hataniwi. Watu wa hapa wameniheshimu hivyo tangu nilipofika. Niliizoea heshima hiyo kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Juzi hakuniamkia. Aliniita ndugu wa marehemu.

Jumatatu, 13 Agosti

Nimekwenda kwa Maganga. Mkewe alisema yuko tanuruni, upande wa Kibaha. Inasemekana anaona haya kupita mtaani kwetu. Nimeacha ujumbe: aje Jumamosi, kuna maiti wa kuosha.

Jumamosi, 18 Agosti

Alikuja. Kanzu safi, uso umeoshwa, mikono mbele kama aliyeitwa barazani. "Shikamoo, mzee." Nikamwonyesha karai, maji ya kisima, samaki ndooni. Nikamweleza habari za wadudu. Aliinua karai lile kana kwamba ni la dhahabu.

"Na kilio?" nikamwuliza.

"Kilio gani, mzee?"

"Umekuja kuosha maiti kimya kimya? Wanyamwezi hamjui hata kulia?"

Alimtazama Sikudhani. Kisha akaanza, kwanza chini chini, halafu kwa sauti iliyowatoa majirani majumbani. Akamtia kitatange karaini, naye akajilaza ubavu kama mara ya kwanza. Safari hii sikupiga kelele. Chenga zilianguka chache. Nikamrudisha kwenye maji yake.

"Karani," Maganga akasema akijifuta jasho, "maiti wako huyu ni sugu. Inaelekea ni Mmafia."

Jumapili, 26 Agosti

Kuoshwa kwa mara ya tatu. Karai halikuwa na kitu chini. Nimelitazama kwa lenzi juani, nikampa Sikudhani naye atazame. Hakuna hata chenga moja. Macho yote mawili ni maangavu, hayana utando. Njano yake imerudi, na mistari ya buluu inaonekana toka mlangoni.

Amepona. Naandika tena: amepona.

Ijumaa, 31 Agosti

Nilipotoka msikitini sikuona viatu vyangu. Nikatafuta, watu wakaniacha nitafute, wakizuia kucheka. Maganga alikuwa ng'ambo ya barabara amevivaa, anatembea kwa maringo kama karani wa bomani. Sikuvidai.

Nimerudi nyumbani pekupeku. Mchanga ulikuwa wa moto mpaka penye kivuli cha mikorosho. Kitatange alikuja mbele ya kioo, nikampa uduvi, akamaliza wote. Nikachota na kumimina kidogo, kisha nikalala mchana, usingizi mzito, mpaka Sikudhani akaniamsha kwa alasiri.