Kwa Nawzad, na Alhamisi Zako Zote

Mwaka umetimia, Nawzad, tangu ulipovua miwani ukaiweka juu ya redio, ukasema unajinyoosha dakika tano tu kabla ya chai. Nilipokuja na istikani ya chai mkononi, moyo wako ulikuwa umesimama. Chai ile niliimwaga mimi mwenyewe, sikutaka mtu mwingine aiguse.

Ndugu zako wamenipa kalamu niandike kwa niaba ya familia. Dada yako Tavga amenionya mapema: "Wifi, andika kama watu wanavyoandika. Alikuwa mpole, alikuwa mkarimu, basi. Usianze mambo yako." Nimemwambia sawa. Alikuwa mpole, Tavga. Alikuwa mkarimu. Sasa naanza mambo yangu.

Uliponioa ulikuwa na begi moja na vichupa mia tatu vya mate ya watu. Ulizunguka mabonde yetu yote ukiwauliza wazee bibi zao walizaliwa wapi, kisha ukiwaomba wateme, ukapime vinasaba vyao. Wengine walikuona mwehu. Kaka yangu Hemin, anayejisifu kwamba ukoo wetu haujachanganyika na mtu tangu gharika, alitema kwa madaha, nawe ukamletea majibu: yeye na wachungaji wa ng'ambo ya mto, ambao hawapi hata salamu, ni wa babu mmoja. Mwezi mzima hakukanyaga kwetu. Ulicheka mpaka ukalia, halafu ukampelekea tikiti maji la kumpoza.

Kisha yakafunguliwa yale makaburi ya jangwani, walimofukiwa watu wetu bila majina na askari wa serikali mwaka wa themanini na nane, na mate yako yakapata kazi. Sisi huoana mabinamu, tunafanana mpaka ndani ya mifupa. Asiyejua alama ipi ni ya kawaida kwetu na ipi ni adimu, anaweza kumkabidhi mama mifupa ya mtoto wa jirani. Wewe ulijua, kwa sababu ulikuwa umetupima bonde kwa bonde. Kina mama walikujia maabara na picha zilizofifia, wakakuita mwanangu, wakakubusu mabega. Nami niliona wivu, wa kila mmoja wao, siombi radhi. Nyumbani ulinawa mara tatu kabla ya kunigusa. Wao waliishika mikono hiyo walivyotaka.

Halafu zikaja Alhamisi.

Kila Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri uliwasha gari ukaelekea upande wa Chamchamal, na magharibi ukarudi umeshiba, unanukia dolma, zile mboga zilizojazwa wali.

"Umekula wapi?"

"Kazini."

"Siku hizi kazini wanapika dolma?"

"Gelawej, acha."

Siku moja ulirudi umevaa soksi nene za sufu, ukingoni zina mistari ya kijani inayopanda na kushuka. Nikakuuliza nani kakufumia. Ukasema, mama mmoja. Nikauliza, mama mmoja hana jina? Ulizivua, ukazikunja taratibu, ukaziweka kwenye droo yako. Mwanamume anayezitupa soksi zake chini ya kitanda tangu siku ya harusi, akianza kukunja soksi, mkewe afikiri nini?

Nikaja maabara na chakula, nawe nilijua hupo. Mlinzi alinifahamu, akanipisha. Hapa nitasema na la upande wako, maana wafu nao wakosolewe: hukufunga kabati. Humo mlikuwa na bahasha ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono wako, "Hapsa". Ndani yake sweta la mtoto. Ukingoni lina mistari ya kijani, inapanda na kushuka.

Lilikuwa limefifia na limelika, na yeyote mwenye akili angejua limetoka ardhini. Mimi nililiona limefuliwa sana, limevaliwa na watoto wako wengi mmoja baada ya mwingine. Wivu hauna macho. Nililishika kwa mikono miwili, nikalia juu ya ukosi wake mpaka nikachoka, nikalirudisha, nikaenda zangu.

Baada ya wiki tatu ulikuja nyumbani na mafaili kwapani. Uliketi, ukainama kuangalia zulia.

"Gelawej, ulililia sweta la nani?"

Nilikuwa nimesahau ile orodha ya wenyeji. Maabara yenu humtemesha mate kila anayeingia, wafagizi, mlinzi, hata wake wanaoleta chakula, ili kama mtu ameacha alama zake kwenye mfupa ajulikane na kuondolewa. Mlipopima ukosi wa sweta mkitafuta vinasaba vya mtoto, mashine ikanitaja mimi. Pengine mimi ndiye mwanamke wa kwanza katika mji wa Silemani aliyeshikwa na vinasaba kwa kosa la wivu.

"Kwanza wewe uniambie," nikasema. "Hapsa ni nani?"

"Siwezi."

"Mkeo?"

"Siri si yangu. Ingekuwa yangu ungeijua siku nyingi."

Kwenye daftari la makosa uliandika kwamba umelichafua wewe. Watu wakakusema kazini, ukanyamaza. Nami sikukushukuru. Nilikupa mgongo miezi miwili, nikakupakulia chakula bila neno, na ulipokufa tulikuwa bado hivyo. Ulikufa Jumatano. Mungu anisamehe, jambo la kwanza lililonijia akilini ni kwamba kesho hatakwenda kwake.

Hayo ndiyo ninayoyajutia, Nawzad, na hakuna kipimo cha kuyaondoa.

Alhamisi ya kwanza baada ya arobaini nilikuja kaburini mapema. Jiwe lako lilikuwa limekwisha kuoshwa. Alhamisi ya pili nikaja mapema zaidi, nikakuta jiwe bichi na fungu la maua ya nargisi. Ya tatu nikaja kabla umande haujakauka, nikamkuta. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, mgongo umepinda, vidole vimekauka kama kuni. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia kimwana.

"Wewe ndiwe Gelawej," akasema.

"Umenijuaje?"

"Alikuwa akikutaja mpaka mikate yangu inaungua. Gelawej anapenda hiki, Gelawej hataki kile. Nikawa najiuliza, huyu kaja kuniuliza habari za mwanangu au kunisimulia mkewe? Nilikuchukia kidogo, binti yangu."

"Mimi nilikuchukia sana."

"Basi yamekwisha. Shika ndoo."

Nikashika ndoo, na tukiwa tunakuosha akanieleza. Haya nayaandika kwa ruhusa yake. Amesema siri hii imezeeka kuliko yeye. Msimu mmoja wa theluji mwanamke mpita njia alijifungulia nyumbani kwake, na alfajiri akafariki. Yeye, Daya Hapsa, maana kwetu mama huitwa daya, alikuwa amezika kichanga chake juzi yake, maziwa yanamtoka. Akamnyonyesha yule mtoto, akamwita Dilshad, na mumewe akamwapisha asimwambie mtu. Kijiji kizima kiliamini ni wake wa kumzaa. Mwaka ule mbaya mume na mtoto walichukuliwa na askari, yeye yuko mjini anamuuguza mama yake. Mlipofukua, mume alitambuliwa kwa damu ya kaka yake. Ubavuni mwake palikuwa na mifupa ya mtoto wa miaka sita, imevaa sweta alilolifuma Hapsa kwa mikono yake. Na damu ya Hapsa ikakataa.

"Vijana wa maabara wakaniambia, mama, labda sweta lilivaliwa na mtoto mwingine. Na sheria haitoi mifupa ila kwa damu. Nawzad akaja kwangu, akaketi, akala, hakuuliza kitu. Alhamisi ya tisa nikamwambia mwenyewe."

Kumbe Alhamisi zilizobaki, miaka miwili, ulikuwa unawatafuta ndugu wa yule mpita njia aliyefariki. Ulikuwa na jina la kijiji tu, na kijiji chenyewe hakipo tena. Ukampata dada yake katika mji wa Kifri, na wiki ile ile uliyokufa akatema mate. Alama ambayo mama humwachia mtoto, dada wa mama naye anayo. Majibu yalitoka wewe ukiwa umeshazikwa. Sheria ikampa dada huyo mifupa. Mbele ya maofisa akasema, "Mimi nimetoa mate, yeye alitoa maziwa. Mpeni yeye." Dilshad akazikwa majira ya nargisi, na sweta lake.

"Aliniambia na habari za machozi yako," Daya Hapsa akasema. "Alisema, Daya, tangu wewe, wa kwanza kulilia sweta la mwanao ni mke wangu, ila yeye alikuwa akinililia mimi. Na alisema hivyo anacheka, Gelawej, kama mtu aliyepewa zawadi."

Ungeniambia mimi. Mwezi mmoja kati ya ile miwili ungenitosha kukushukuru. Lakini siri haikuwa yako, na mtu anayetunza siri ya mama mgeni hata mbele ya uso wangu, na uso wangu unaujua, ndiye yule yule niliyemwonea wivu. Bado namwonea. Miaka miwili ya Alhamisi ni mingi, na Daya Hapsa anayo yote. Ile dolma yake nimeionja. Yangu ni nzuri zaidi, wala sihitaji maabara kuthibitisha.

Soksi zimo kwenye droo, zimekunjwa vile vile ulivyoziacha. Baridi ilipoingia nilizivaa.

Wanaokukumbuka ni mkeo Gelawej. Wanao Hedi na Ruyan. Dada yako Tavga, atakayenigombeza akisoma haya. Shemeji yako Hemin, pamoja na binamu zake wa ng'ambo ya mto, ambao sasa anawasalimia. Kina mama wa maabara, wengi mno kutajwa. Na Daya Hapsa, mama yake Dilshad. Jina lake nimeliweka mwisho kwa makusudi.

Siku sita kaburi lako ni langu. Ya saba anatangulia yeye, nami nashika ndoo. Tutakukumbuka siku zote, Nawzad, Alhamisi nayo imo.